Majina ya Nchi Yetu: Kutoka Nyakasanza hadi Ziwani kwa Siku Moja



Katika parokia zetu za Bunia tumezoea safari za aina mbili. Ya kwanza ni hija: tunatangaziwa mwezi mzima kabla, tunachanga, tunaondoka kwa nyimbo, na tunarudi na vumbi na furaha. Ya pili ni safari ya kukimbia, isiyo na tangazo wala mchango. Mtu huondoka na kile alichokishika mkononi, na siku ya kurudi haijulikani. Kati ya hizo mbili imepotea safari ya tatu, ambayo vijana wa nchi zenye amani huifanya bila kuiwazia sana: kutoka nyumbani alfajiri, kwenda kuitazama nchi, na kurudi kabla ya giza.

Safari za namna hiyo tunaziona katika simu zetu. Tunaona fukwe za Thailand na za Zanzibar, na wageni waliofikia katika mji mdogo wa pwani. Leo wanakwenda kwenye maporomoko ya maji, kesho kwenye pango, kesho kutwa kwenye hekalu la kale, na kila jioni wanarudi kwa wakati wa chakula. Tunatazama na kuguna, kana kwamba Mungu alipogawa maji na milima alitupita sisi. Lakini mkazi wa Nyakasanza anayeshika barabara ya mashariki hufika, kabla ya kutimiza kilomita 60, kwenye ufuko wa ziwa lenye urefu wa kilomita 160 hivi. Njiani huvuka mgongo wa milima ambao wasafiri wa karne ya 19 waliandika habari zake kwa mshangao. Wengi wetu tumezaliwa hapa na hatujawahi kuuona.

Tafakari hii inahusu siku moja ambayo kikundi chetu cha vijana kilikwenda Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, kwa kupitia Bogoro.

Majina tuliyoyapokea

Kizazi chetu kimeyajifunza majina ya Ituri kutoka redioni. Bogoro, Tchomia, Kasenyi, Drodro, Fataki, Mongbwalu: kila jina lilitufikia likiwa limefungwa pamoja na tarehe na idadi ya waliokufa. Vita vilivyoanza mwaka 1999 viliua, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, zaidi ya watu 50,000, na baada yake vikaja vingine. Hivyo ramani tuliyo nayo vichwani ni ramani ya misiba. Ukimwambia kijana wa Bunia jina la kijiji, hakuulizi mto wake ni upi wala watu wake wanalima nini. Anakuuliza ni nani walioshambulia.

Sisi wa Nyakasanza tuna sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili, kwa maana jina letu pia limo katika ripoti. Mwezi Mei 2003, mji ulipoangukia mikononi mwa wanamgambo, watu waliuawa katika parokia ya Nyakasanza, na mapadre wawili walikuwa miongoni mwao. Msomaji wa mbali anayeisoma ripoti hiyo hujua neno moja tu juu yetu. Hajui kwaya inayofanya mazoezi hadi usiku, wala ndoa za Jumamosi, wala akina mama wanaopanga sombe na mihogo kando ya barabara, wala watoto wanaocheza mpira baada ya katekisimu. Nyakasanza ilikuwa mahali kabla ya Mei 2003, na imeendelea kuwa mahali baada yake. Hatuwasahau wafu wetu. Lakini hatukubali mtu aseme kwamba sisi ni kifo chao tu.

Kama tunajidai haki hiyo kwa ajili ya Nyakasanza, twawezaje kuinyima Bogoro? Swali hilo, lililoulizwa na msichana mmoja katika mkutano wetu wa Jumapili, ndilo lililozaa safari.

Maandalizi

Katika nchi yetu mtu haamki tu na kusema, twende tukatembee. Tulijiandaa kwa majuma matatu. Tuliwapigia simu vijana wenzetu wa Kasenyi kila juma, na tena siku ya mwisho, ili kujua hali ya barabara. Tuliomba ruhusa kwa paroko na kuwaarifu wenye mamlaka. Tulichagua Jumamosi ya kiangazi, wakati ambapo njia haina matope, na tulikubaliana kwamba ifikapo saa nane mchana gari litakuwa limegeuza, hata kama samaki bado wako motoni. Asiyekuwa na pesa za mchango alileta unga, au mafuta, au makaa. Kuhusu viti tuliweka sheria moja: hakuna aliyekaa na mtu wanayezungumza naye lugha moja nyumbani.

Jioni ya mkutano wa mwisho alikuja mama mmoja, mzazi wa mwenzetu, ambaye ndugu zake wanne walifia Bogoro. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. Alisema: “Wanangu, huko mnakokwenda kutembea, mimi nilitoka nikikimbia. Mtakwenda kula na kucheka juu ya makaburi ya watu?”

Hakuna aliyekuwa na jibu. Baada ya kimya, mwenyekiti wetu alimwambia: “Mama, tupe majina yao. Tutasimama Bogoro kwanza, tutayataja, ndipo tutakaposhuka ziwani.” Mama yule alifikiri kwa muda, akaomba karatasi, akamwandikisha binti yake majina manne. Kisha akaondoka bila kusema kama anakubali. Kesho yake tuliona binti amekuja kituoni na mkoba wa chakula.

Habari ya karatasi ile ilienea. Kufikia asubuhi ya safari, karibu kila mmoja wetu alikuwa na karatasi yake, kwa kuwa hakuna jamaa katika Ituri isiyo na majina ya kuandika.

Mgongo wa nchi

Bunia iko juu ya uwanda wenye kimo cha zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko kwenye mita 620 hivi. Tofauti hiyo ya mita 600 haishuki polepole. Nchi huenda ikipanda na kushuka kwa vilima vya majani, kisha ghafla hukatika, na macho huona chini kabisa uwanda wa joto na maji yasiyo na mwisho. Huo ni ukingo wa Bonde la Ufa, ambako ardhi ya Afrika inapasuka taratibu kwa mamilioni ya miaka. Milima hiyo huitwa Milima ya Bluu, na jina hilo lilitoka ng'ambo: mtu aliye upande wa Uganda huiona imefunikwa na rangi ya mbali.

Mwalimu wa jiografia aliyetusindikiza alitushusha garini, akamimina maji ya chupa chini. Alituambia kwamba mvua inayonyesha Bunia huingia katika mto Shari, Shari huingia Ituri, Ituri huwa Aruwimi, na Aruwimi humwagika katika mto Kongo; maji hayo hupita Kinshasa na kuishia katika bahari ya Atlantiki. Lakini mvua inayonyesha upande wa pili wa mgongo huu hushuka katika Ziwa Albert, hutoka kwa jina la Nili, hupita Juba na Khartoum na Cairo, na kuishia katika bahari ya Mediterania. Mawingu ni yale yale. Tone moja na jirani yake huanguka karibu karibu, kisha hutenganishwa na bara zima.

Tulikaa kimya kidogo, kila mmoja akitazama huku na huku. Tumeishi maisha yetu yote chini ya saa mbili kutoka hapo, na katika shule tulikariri urefu wa Nili kama kitu cha Misri.

Bogoro

Bogoro iko umbali wa kilomita 25 hivi kutoka Bunia, karibu na ukingo huo, kwenye njia ya kushukia ziwani. Msimamo wake wa njia panda ndio uliowafanya wenye silaha waitamani. Tarehe 24 Februari 2003 ilishambuliwa alfajiri, na raia wengi waliuawa, wengine ndani ya madarasa ya shule walimokimbilia. Habari hiyo ilifika mbali: Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Germain Katanga tarehe 7 Machi 2014, na mwezi Mei wa mwaka huo ikamhukumu kifungo cha miaka 12. Januari 2012 majaji walikuwa wamekuja wenyewe kuiona nchi waliyokuwa wakiisikia katika ushahidi. Machi 2017 mahakama iliagiza fidia kwa waathirika 297: kiasi cha ishara cha dola 250 kwa kila mmoja, pamoja na misaada ya pamoja ya makazi, elimu na kujipatia riziki.

Tulikuwa tumeyasoma hayo. Jambo ambalo hatukuwa tumelisoma ni kwamba Bogoro ina upepo. Hupanda kutoka ziwani na kuyalaza majani yote upande mmoja. Kuna mashamba, kuna mbuzi, kuna watoto wenye sare za shule, kuna wanaume wanaosukuma baiskeli zilizobeba makaa. Mzee mmoja alitukaribisha kivulini na kutuuliza kama Bunia mvua imenyesha, kwa sababu alitaka kujua bei ya maharage itakwenda wapi.

Tulimweleza tumekuja kufanya nini. Alivua kofia yake, akatuachia tuitumie. Tulizikunja karatasi zetu, tukazichanganya kofiani, na kila mmoja akachukua moja bila kuchagua. Kisha tukasimama mduara na kusoma.

Mnajua, ndugu vijana, kwamba katika Ituri jina la mtu hutangaza kabila lake. Hivyo kila mmoja wetu alijua mara moja anasoma wafu wa nani. Walikuwemo wa Bogoro, na wa vijiji vingine, na wa mitaa ya Bunia. Walikuwemo wa upande huu na wa upande ule, na wa jamaa zisizokuwa na upande wowote zilizouawa njiani. Yale majina manne ya mama yetu yalimwangukia kijana ambaye watu wa nyumba yake hawajawahi kulitaja jina la Bogoro mbele ya wageni. Aliyasoma polepole, akikosea matamshi ya moja. Binti wa mama yule alimsahihisha kwa sauti ya chini, naye akalirudia sawasawa. Hakuna lingine lililotokea. Tulisali Baba Yetu, tukamrudishia mzee kofia yake, na tukaondoka.

Ziwa

Njia ya kushuka ina mizunguko mingi, na katika kila mzunguko joto liliongezeka. Majani mabichi ya juu yaliisha, ikaja miti ya miiba na ardhi kavu. Kasenyi ilitupokea kwa harufu yake kabla ya sura yake: samaki wabichi, samaki wa moshi, na makayabo yaliyotandazwa juani yakiwa meupe kwa chumvi.

Zamani za Wabelgiji, Kasenyi ilikuwa bandari ya meli za ziwa, na mizigo ilivushwa kati ya hapa na Butiaba, upande wa Uganda. Leo kazi hiyo hufanywa na mitumbwi mikubwa ya mbao yenye mashine. Mitumbwi hiyo hiyo, mwanzoni mwa mwaka 2018, ilivusha maelfu mengi ya watu waliokimbia Djugu. Wawili kati yetu waliivuka wakiwa watoto. Mmoja alituonyesha kwa kidole mahali walipopandia, na akasema kwamba usiku ule hakuona ziwa. Aliona mgongo wa mama yake tu.

Ziwa lenyewe limebeba majina mengi kuliko sisi. Wanyoro waliliita Mwitanzige, maana yake mwua nzige. Tarehe 14 Machi 1864 Mwingereza Samuel Baker alilifikia kutoka ng'ambo, akalipa jina la Albert, mume wa malkia wake, ambaye hakuwahi kuliona. Katika miaka ya 1970 likaitwa Ziwa Mobutu Sese Seko. Utawala huo ukaisha, Albert akarudi. Nalo lina jambo linalotugusa sisi wenyewe: kabla ya mwaka 1959, wakati ilipoundwa Jimbo la Bunia, eneo letu la kikanisa liliitwa Vikarieti ya Kitume ya Ziwa Albert. Mababu waliotubatiza wazazi wetu walijiita watu wa ziwa, nasi tulikuwa hatujawahi kuinawa miguu yetu humo.

Mvuvi mmoja, mtu mzima, alitukubali kando ya mtumbwi wake. Tulimwuliza maswali mengi, naye alijibu huku akishona wavu. Kina cha ziwa hakizidi mita 60, alisema, ndiyo maana upepo ukishuka kutoka milimani mawimbi husimama haraka. Wengi wamekufa kwa kuudharau. Mpaka wa Kongo na Uganda uko katikati ya maji, hauna kigingi wala kamba, na mvuvi anayefuata samaki huweza kukamatwa bila kujua amevuka wapi. Kuhusu samaki alisema: “Wanangu, baba yangu alikuwa akitupa wavu na kuvuta kapiteni wa kubebwa na watu wawili. Sasa watu wanatumia nyavu za matundu madogo, wanavua watoto wa samaki. Ukimla mtoto leo, kesho utamwomba nani mama?”

Tulinunua samaki kwa akina mama wa sokoni, tukawachoma, tukala na fufu chini ya mti. Tulicheka, ndiyo. Wavulana walishindana kurusha mawe majini. Wasichana waliingia mpaka magotini na kurudi wakikimbia kila wimbi lilipokuja. Kabla ya kuondoka tuliokota mifuko ya plastiki iliyotapakaa pale tulipokaa, yetu na isiyo yetu, tukajaza magunia mawili. Saa nane gari liligeuza.

Mahali tusipokwenda

Haifai tuandike kana kwamba nchi yote iko wazi. Kusini mwa Komanda, upande wa Beni, uko Mlima Hoyo, wenye mapango na maporomoko yanayoitwa Ngazi za Venus. Katika pango moja, Matupi, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta katika miaka ya 1970 vifaa vidogo vya mawe, kazi ya mikono ya watu walioishi humo makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Tungependa sana kwenda. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, Komanda, waamini waliokuwa wakikesha kanisani waliuawa, na wengi wao walikuwa vijana kama sisi. Magharibi zaidi iko Epulu, makao ya Hifadhi ya Okapi, iliyoandikwa mwaka 1996 katika Urithi wa Dunia na mwaka uliofuata katika orodha ya urithi ulio hatarini. Umbali wake hauruhusu kurudi siku ile ile, na njia yake haijatulia.

Kwa hiyo tunawasihi: msitoke kwa ushujaa. Ulizeni kwanza, na mkiambiwa msiende, kaeni. Mahali pasipofikika leo tunaweza kupasoma, kuwauliza wazee waliopaona, na kuyatunza majina yake yasiwe ya vilio peke yake.

Tulichorudi nacho

Jumapili baada ya Misa tulimwendea mama yule. Aliuliza swali moja: “Majina mliyasoma?” Binti yake alimweleza ni nani aliyeyasoma. Mama alinyamaza kwa muda mrefu, tukaogopa kwamba tumemwumiza. Kisha akauliza kama upepo wa Bogoro bado unalaza majani, na kama kule chini bado wanauza kapiteni kwa vipande. Akaanza kutusimulia jinsi yeye na dada zake walivyokuwa wakishuka ziwani kwa miguu na kupanda tena na samaki vichwani, na jinsi dada mkubwa alivyokuwa akiimba ili wasisikie uchovu. Tulikuwa tumelibeba jina la dada huyo katika karatasi. Sasa tulimjua kuwa mwimbaji.

Hatudai kwamba safari ya siku moja huponya vita. Waliotenda wanapaswa kujibu, na walioumizwa wana haki ya kutotaka kurudi. Lakini mtu asiyeijua nchi yake hataona hasara ikigawanywa, na aliyejifunza jina la jirani katika habari za mauaji peke yake hatakuwa na sababu ya kumtembelea. Ituri ina vijana wengi wanaojua mahali pa kukimbilia. Tunataka iwe pia na vijana wanaojua maji yake yanakwenda wapi.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Taja mahali pamoja katika Ituri unapopajua kwa jina la msiba tu. Ni mzee gani wa parokia yako anayeweza kukueleza palikuwaje kabla?

2. Katika kikundi chenu, ni majina gani ya wafu yanayotajwa, na ni yapi yasiyotajwa kamwe?

3. Ni safari gani ya siku moja mnayoweza kuifanya kwa usalama msimu huu wa kiangazi, na nani asiye wa lugha yenu mtamwalika?